Pampu ya ngamani: swichi ya boya isipite swichi kuu

Wenye boti za faiba mliofunga pampu ya volti 12 ya kutoa maji ngamani, yaani kule chini kabisa ndani ya boti maji yanakokusanyika, hebu kacheki waya zenu. Mafundi wengi wanaunga kila kitu nyuma ya swichi kuu, sasa jioni ukizima ukaenda zako na swichi ya boya, ile inayowasha pampu yenyewe maji yakipanda, nayo imekosa umeme, mvua ipige usiku kucha boti inajaa na betri ipo tu inatazama.

Fanya hivi, chanya itoke betri bila kupita swichi kuu, ipite kwenye fyuzi hapo hapo karibu na betri, saizi ile iliyoandikwa kwenye pampu sio ya kubahatisha, halafu igawe njia mbili, moja swichi ya boya nyingine swichi ya mkono, zikutane tena kwenye chanya ya pampu. Hasi irudi betri. Boya likikwama na takataka unawasha kwa mkono.

Maungio yaweke juu maji yasifike, tepu peke yake haisaidii kitu baharini. Na ukipata waya wa shaba uliopakwa bati chukua huo hata kama bei imechangamka, shaba tupu inaliwa na chumvi ndani kwa ndani wala huoni.