Kununua dagaa na mawese Kigoma wakati wa kiangazi

Kabla ya kupanga siku, tazama mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti na mitumbwi mingi hupumzika. Ukifika Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa Kigoma, mwezi ukiwa mpevu utakuta mzigo wa siku nyingi, tena kwa bei ya juu. Nenda kipindi cha giza, mwezi usipowaka, siku tatu au nne baada ya wavuvi kurudi ziwani, dagaa wakiwa wameshapata jua. Ulizia pia kama ziwa liko wazi: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, katikati kabisa ya kiangazi. Dagaa wanaouzwa kipindi kama hicho ni wa ghalani.

Beba bakuli, chupa ya maji, gunia safi na dumu kavu.

Hatua ya kwanza ni kuomba ruhusa ya kushika: "Mama, naomba niwaangalie." Kisha usiishie juu ya gunia. Zamisha mkono hadi kiwiko, utoe konzi moja ya chini. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, tumbo halijapasuka, na ukimkunja anavunjika kwa mlio. Akipinda bila kuvunjika, maji bado yamo: utalipia uzito wa maji, na ndani ya wiki ataota ukungu. Tumbo lililopasuka ni dalili kwamba alichelewa kuanikwa. Wekundu wa kutu na harufu kali ni mafuta yake yaliyoharibika. Hapo ondoka tu, hata kama bei inashawishi.

Sasa mchanga. Tia konzi hiyo kwenye bakuli la maji, koroga, subiri dakika moja, halafu mwaga taratibu. Waliokaushwa juu ya chanja huacha maji karibu masafi, ila waliotandazwa chini ufukweni huacha tope la mchanga ambalo hata kuosha mara tatu hakulimalizi. Ongeza pesa kidogo uchukue wa chanja.

Kwenye kipimo, geuza kisado ukitazame kitako. Kikiwa kimebonyezwa kuingia ndani, kila kisado kinakupunja. Kwa mzigo mkubwa dai mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo.

Mawese yana mtego wake. Asubuhi za kiangazi ni za baridi, mafuta huganda: mazito hutuama chini, mepesi hubaki juu. Ukimiminiwa ya juu tu au ya chini tu, hujapata mafuta kamili. Mwombe muuzaji aweke dumu juani, ayakoroge, ndipo apime. Maji yaliyochanganywa hujificha chini kabisa, kwa hiyo omba kijiko cha chini ukipashe moto. Yakirukaruka na kupiga kelele, yana maji. Onja pia: mawese yanayokwangua koo ni ya zamani.

Usijaze dumu hadi mdomoni, kwani mafuta hutanuka njiani na kusukuma kifuniko. Dagaa wasifungwe kwenye nailoni, watatoa jasho, gunia linapumua. Kwenye treni weka dumu chini na gunia mbali nalo. Ukifika nyumbani, waanike tena juani kwa muda wa saa mbili, uwaache wapoe kabisa ndipo uwatie kwenye ndoo yenye kifuniko.