Kupokea jukwaa la mtandaoni bila kulivunja

Kampuni ikinunua jukwaa la watu, hupata seva, kikoa (anwani ya tovuti) na nembo. Wanaojibu maswali usiku na kufuta matangazo ya kitapeli hawamo kwenye mkataba, na wanaweza kuondoka kesho. Basi kazi ianzie kwao.

1. Zungumza na wasimamizi wa kujitolea kabla tangazo halijatoka. Andika nani anashika nini: funguo za seva, vichujio vya barua taka, kanuni ambazo hazijaandikwa popote. Mei 2021 wasimamizi wa Freenode, mtandao wa soga za maandishi, udhibiti ulipowaponyoka, walijiuzulu wakafungua mtandao wao, Libera Chat. Miradi mikubwa kama Ubuntu na Wikimedia ikahamia huko.

2. Usibandike masharti ya kampuni mama juu ya yale ya zamani. Yahoo ilifanya hivyo mwaka 1999 kwa GeoCities, huduma iliyowapa watu nafasi ya kujitengenezea kurasa za wavuti. Wenye kurasa wakaona kazi zao zinatwaliwa, wakagoma, na kampuni ikalazimika kurudi nyuma. Omba haki ya kuonyesha kazi ya mwanachama tu, na haki hiyo ikome anapoifuta.

3. Usiunde programu upya kwa miezi sita. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu kosa lenyewe linafanana na maendeleo. Chukua kumbukumbu za utafutaji za siku 30, panga maneno 200 yanayotafutwa zaidi, kisha waulize wasimamizi maana ya kila usilolielewa. Kampuni ya AVOS ilipozindua upya Delicious, tovuti ya kuhifadhi viungo na kuvipanga kwa lebo, mwaka 2011, alama ya mkwaju (/) haikutafutika tena. Kwa mhandisi ni alama tu. Kwa waandishi wa hadithi za mashabiki, zinazotungwa kuhusu wahusika wa vitabu au filamu wanazozipenda, ndiyo iliyounganisha majina ya wahusika wawili, na mpangilio wao wote wa lebo ulisimama juu yake. Wengi wakahamia Pinboard, tovuti shindani, ambayo mwaka 2017 iliinunua Delicious yenyewe.

4. Njia ya zamani ya kuingia kwenye akaunti ibaki sambamba na mpya kwa mwaka mzima.

5. Weka kitufe cha kupakua kila kitu sasa, usingoje siku ya kufunga. Yahoo Groups, huduma ya makundi ya majadiliano, ilitangaza Oktoba 2019 kwamba ingefuta maudhui katikati ya Desemba. Ikabidi iongeze muda hadi 31 Januari 2020. Faili iwe na maandishi, picha, tarehe na majina ya waandishi. Ifungue kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Picha zisipoonekana, ulichohifadhi ni viungo tu, navyo vitakufa seva ikizimwa.