Kuwafundisha walezi wa mzee mwenye demensia

Wanafamilia na mhudumu wa kuajiriwa wafundishwe pamoja, nyumbani kwa mzee mwenyewe, kwa sababu mzee anayeamshwa taratibu na binti yake asubuhi, kisha akaharakishwa na dada wa kazi jioni, hukosa utulivu hata kama wote wawili wana nia njema. Mwongozo wa iSupport, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kwa ajili ya walezi, utakusaidia kupanga mada, lakini mlezi asiishie kusoma, bali afanye mazoezi.

Siku ya kwanza elezeni kwamba demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, husababishwa na maradhi ya ubongo, wala si uchawi au laana. Msilipitie jambo hili juujuu. Katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mzee anayetangatanga usiku akisema peke yake huweza kudhaniwa hivyo kwa urahisi. Mlezi mwenye hofu aseme hofu yake, asikilizwe bila kuchekwa.

Kisha ndugu wamsimulie mhudumu maisha ya mzee: jina alipendalo, kazi yake, ibada zake, chakula asichokigusa. Aliyekuwa mvuvi akiamka saa tisa usiku na kuutafuta mlango, huenda anafuata saa za bahari alizozizoea.

Zoezi lililo muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la kuogesha, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mwanafunzi mmoja akae kitini, mwenzake amvute kanga ghafla bila kusema neno, kisha yule aliyekaa aeleze alivyojisikia. Baada ya hapo rudieni ipasavyo: maji ya uvuguvugu, sabuni na nguo viwe tayari kabla ya kumwita, mlezi aje kwa mbele, aamkie, ainame macho yao yalingane, na atoe agizo moja moja. Aanze na miguu au mikono, amwachie mzee kanga mwilini huku akimwosha kwa chini yake, na ampe kopo ajimwagie mwenyewe, kwa kuwa anayeshiriki hapambani. Akikataa, mwacheni kwa dakika 20 mjaribu tena. Siku nyingine kumpangusa kwa kitambaa kunatosha. Baba akikataa kuogeshwa na binti yake, hiyo ni haya, si ugonjwa. Atafutwe mwana wa kiume au mjukuu.

Mzee akiuliza mama yake aliyefariki zamani yuko wapi, msimpe taarifa ya msiba upya kila siku, wala msimbishie. Mwambieni, "Umemkumbuka mama, eh? Alikuwa akikupikia nini?" Kinachojibiwa hapo ni upweke wake.

Pangeni zamu kwa maandishi, pamoja na siku kamili ya mapumziko kwa kila mlezi, akiwemo binti ambaye hatairuhusu nafsi yake kuiomba.

Mwisho, kila mlezi afundishwe kutofautisha demensia, ambayo kwa kawaida huzidi polepole, na badiliko la ghafla. Mzee aliyekuwa akizungumza jana, leo akawa analala mchana kutwa, hamtambui mtu au anaona visivyokuwapo, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, upungufu wa maji au athari za dawa mpya. Wekeni daftari la chakula, maji, choo, usingizi na dawa, na badiliko kama hilo likitokea mpelekeni hospitali siku hiyohiyo mkiwa na daftari hilo.