Somo: Kichujio cha mwanga kisichoyumba jua linapohama

Wengi humu tunatengeneza sensa za kupima afya ya majani ya mizabibu na alizeti: fotodiodi moja (kijisehemu kinachogeuza mwanga kuwa umeme) nyuma ya kichujio cha nanometa 670, yaani mwanga mwekundu, nyingine nyuma ya kichujio cha 850, yaani infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, halafu tunalinganisha namba mbili. Shida ni kwamba kichujio cha matabaka, yaani kioo kilichopakwa tabaka nyembamba sana zinazopishana, hupitisha 670 pale tu mwanga unapokipiga wima. Ukikipiga kwa mshazari, kinahamia kwenye mawimbi mafupi.

Sisi Dodoma tuko kama digrii 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini. Mwezi Juni linakaa karibu digrii 30 kaskazini ya utosi. Kwa hiyo sensa ileile, shamba lilelile, inaleta namba tofauti, na mkulima anaweza kukimbilia mbolea wakati kilichobadilika ni pembe ya jua.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua

λ = λ₀ × √(1 − (sin θ ÷ n)²)

λ₀ ni urefu wa wimbi mwanga ukiwa wima, θ ni pembe kutoka wima, na n ni namba inayoonyesha matabaka yote kwa pamoja yanapunguza mwendo wa mwanga mara ngapi. Tuchukue n ya 1.8. Kwa digrii 10, 670 inakuwa kama 667. Kwa digrii 20 inakuwa 658. Kwa digrii 30, ile adhuhuri ya Juni, inashuka hadi kama 644. Umepoteza nanometa 26, na kichujio chenyewe huenda kinapitisha mkanda wa mawimbi wenye upana wa nanometa 20 tu! Ukivuka digrii 30 usiitegemee sana kanuni hii, maana huko mwanga unagawanyika kwa mielekeo miwili ya mtetemo na kila mmoja unapita kivyake.

Hatua ya 2: Bana pembe

Hapa ndipo nguvu zako nyingi ziende. Watu wanatafuta kichujio cha bei kubwa wakati kimrija cheusi kingemaliza kazi.

Kwa sensa inayotazama angani, ile inayopima mwanga unaoshuka ili tuulinganishe na unaorudishwa na majani, juu kabisa weka kipande cheupe cha tefloni, aina ya plastiki. Jua likitoka popote, tefloni inautawanya mwanga kila upande. Chini yake weka kimrija chenye tundu la milimita 10 na urefu wa milimita 30, ndani kipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Kisha kichujio, kisha fotodiodi. Kwa jiometria hiyo, mwanga unaofika katikati ya fotodiodi hauzidi digrii 10 hivi. Kichujio bado kitahama kidogo, wastani wa nanometa moja na nusu, lakini kitahama kiasi kilekile asubuhi na adhuhuri, Machi na Juni. Kosa lisilobadilika unalirekebisha mara moja na kulisahau. Mwanga utapungua sana, ndiyo, ila jua la huku linatosha.

Sensa inayotazama majani haihitaji tefloni. Kimrija kinatosha.

Hatua ya 3: Kaa mahali tambarare

Kuhama huku daima ni kwenda mawimbi mafupi, kwa hiyo angalia kilichopo upande huo. Jani bichi linaanza kurudisha mwanga kwa kasi kuanzia karibu nanometa 690 hadi 740, kama ukuta. Ukichagua kichujio cha 750, mshazari kidogo unakitumbukiza kwenye ukuta huo. Ukichagua 850, hata kikishuka hadi 820 jani linarudisha karibu kiasi kilekile.

Hatua ya 4: Kwa wanaosanifu matabaka wenyewe

Ongeza n. Oksidi ya titani ina n ya karibu 2.3, silika karibu 1.46. Tabaka la robo wimbi, yaani lenye unene wa robo ya urefu wa wimbi ndani yake, kwa 670 litakuwa nanometa 73 za titani au 115 za silika. Tabaka nene la katikati, lile linaloamua wimbi lipi lipite, lifanye la titani badala ya silika. n ya jumla ikipanda kutoka 1.8 hadi 2.1, kuhama kwa digrii 30 kunashuka kutoka 26 hadi 19.

Maswali ya wanachama

*Hombolo: Shikamoo mwalimu. Mwanga ukija mshazari si unasafiri njia ndefu zaidi ndani ya tabaka? Mbona wimbi linafupika badala ya kurefuka?*

Marahaba. Swali zuri sana. Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya miale miwili, ule unaorudi kutoka juu ya tabaka na ule unaorudi kutoka chini. Tofauti hiyo ni 2 × n × unene × cos θ, θ hapa ikiwa pembe ndani ya tabaka. Pembe ikikua, kosaini inapungua, na wimbi linalolingana nayo linafupika.

*Kondoa: Nimesikia kuna silikoni yenye n zaidi ya 3. Kwa nini tusiitumie?*

Ipo, ni silikoni iliyochanganywa na haidrojeni. Kwa 850 inafaa: kwa n ya 3, digrii 30 zinakushusha hadi 838, wakati kwa 1.8 ungeshuka hadi 817. Lakini inameza mwanga mwekundu, kwa hiyo kwa 670 haifai.

*Dodoma mjini: Nitajuaje kichujio nilichonacho ni cha aina gani? Hakina maandishi.*

Kishike mbele ya dirisha, utazame angani, kamwe usitazame jua. Kiinamishe polepole. Cha matabaka cha 670 kitatoka wekundu mzito kuelekea rangi ya chungwa. Kikibaki na rangi ileile, ni kioo cha rangi, kinachochuja kwa kumeza mwanga, na pembe haikisumbui. Usikitupe. Hicho peke yake hupitisha kila kitu kuanzia wekundu hadi infraredi, lakini ukikiweka pamoja na cha matabaka kinachokata mawimbi marefu, ukingo mmoja wa mkanda wa mawimbi yanayopita hautahama tena, na utabaki kushughulika na ule wa pili.