Ngazi ya ngome: ichore chini kwanza

Wakitoka kutembelea ngome ya Lord Egerton pale Ngata, watu hunipigia simu: "Fundi, nataka ngazi ya kuzunguka, ya mawe, kama ya ngome." Mimi hujenga ngazi hapa Nakuru, na kazi hiyo naipenda kuliko zote. Lakini nyumba ya Egerton, iliyojengwa kati ya 1938 na 1954, ilikuwa makazi ya mtu, haikungoja adui. Ngazi za ngome za vita, zile za Ulaya ya karne ya 12 na 13, zilimtesa anayepanda. Ukiiga umbo lake, iga ukijua.

Anza na uwanja ulio sawa. Pigilia msumari, funga kamba, chora duara la nusu kipenyo sm 10: hiyo ni nguzo ya kati. Kwa msumari huohuo chora duara la sm 90: huo ni ukuta. Kata duara nusu kwa mstari, kisha kata kila kipande nusu tena, na tena, na tena, hadi upate vipande 16. Kila kipande ni kidato kimoja. Sasa pima. Kwenye nguzo kidato kina sm 4 tu, hata kidole gumba cha mguu hakitoshi. Ukutani kina sm 35. Sm 60 kutoka msumarini, mahali mguu unapopita wenyewe, kina kama sm 23 na nusu. Kila kidato kikiinuka sm 19, vidato 16 vinakupa sm 304, na unatokea ghorofani juu kabisa ya pale ulipoingilia.

Kabla ya kuagiza mawe, shika fimbo kwa mkono wa kulia uzunguke mchoro kama mshale wa saa. Huko ndiko kupanda. Nguzo iko kuliani kwako, na ukitaka kupiga, fimbo inagonga nguzo. Mwenzako anayeshuka ana mkono wa kulia upande wa ukuta, kwenye nafasi, tena anakanyaga sehemu pana. Hoja hii, kwamba ngazi zilizungushwa hivyo ili upanga wa mlinzi upate nafasi na wa adui ukwame, ilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mwingereza Theodore Andrea Cook, ambaye alikuwa mcheza upanga. Ni hoja tamu, na fimbo inaiunga mkono. Lakini Caernarfon kule Wales, ngome iliyoanza kujengwa 1283, ina ngazi zinazozunguka kinyume chake, na waliojenga pale hawakuwa wanagenzi.

Mimi naona nguvu ya ngazi hizi iko kwingine: anapita mtu mmoja, haoni aliye mbele ya kona, na walio nyuma yake hawawezi kumsaidia. Tena kuifikia tu ilikuwa kazi. Mnara wa Rochester kule Uingereza, ulioanza kujengwa 1127, mlango wake uko juu, na ngazi ya nje inapanda ikiambaa ukuta, chini ya macho ya walinzi. Mfalme John alipouzingira 1215 hakung'ang'ania ngazi. Alichimba chini ya pembe ya mnara, akachoma nguzo za mbao za handaki kwa mafuta ya nguruwe 40, pembe ikaanguka. Ukienda Thimlich Ohinga, boma la kale kule Migori, utakuta akili ileile kwa mawe yasiyo na udongo wala simiti: malango ni mafupi, unaingia umeinama, kichwa kikitangulia.

Kuna wanaosema vidato vya ngome vilifanywa visilingane makusudi ili adui ajikwae. Siamini kirahisi, maana wenyeji walipanda humohumo usiku wakibeba maji na kuni. Najua tu kutolingana kunafanya nini. Kwenye mjengo mmoja niliacha kidato kimoja kikazidi wenzake kwa sm 2. Kibarua alipanda na karai la kokoto, mguu ukanasa palepale, akavunjika jino. Nilikibomoa jioni hiyohiyo.

Tangu hapo sipimi kidato kutoka kwa kilichotangulia, kwa sababu makosa madogo hujumlishana. Nasimamisha ubao wenye alama kila sm 19 kutoka sakafuni, na kila jiwe nalilinganisha na alama yake kwa pima maji. Jiwe lenyewe lichongwe kipande kimoja, kidato pamoja na kichwa cha mviringo. Vichwa vikipandana kwa timazi ndivyo vinakuwa nguzo. Ncha ya nje iingie ukutani angalau sm 15, na mhandisi aipitishe plani kabla ya jiwe la kwanza.

Pale ngome za kale zilipoacha tundu jembamba la kurushia mishale, wewe weka dirisha la kweli, mwanga uangukie kidato. Kamba ya kushikilia ifunge upande wa ukuta. Ukiifunga kwenye nguzo, utawavuta mama na watoto kwenye zile sm 4.