Mashine za kufulia za jengo zima: pima maji kabla hujaenda dukani

Jengo lenyewe liko Mombasa (ya hapa hapa Unguja, siyo ile ya ng'ambo), ghorofa 4, familia 12. Walichanga wenyewe, wakajenga chumba cha kufulia juu ya paa pembeni ya kamba za kuanikia, wakanunua mashine mbili nzuri. Kisha wakaniita. Ukiwasha, maji yanachuruzika kama ya birika, baada ya dakika chache kioo kinaandika alama ya kukosa maji, mashine inasimama. Mimi ni fundi wa vitu hivi, na zilinitoa jasho siku mbili.

Hatua ya 1: Hesabu nyumba

Familia 12, kila moja ikifua mara mbili kwa wiki, ni mizunguko 24. Mashine moja inatoa mizunguko mitano kwa siku bila kukimbizwa, kwa hivyo kwenye karatasi moja inatosha. Lakini Alhamisi jioni kila nyumba ina kanzu za Ijumaa. Nunueni mbili, za kilo 8 au 9.

Hatua ya 2: Pima presha ya maji, pale pale mashine itakapokaa

Hapa ndipo nilipopoteza siku zangu. Nilifungua valvu ya kuingizia maji, nikaisafisha, nikabadilisha, nikasugua kichujio chake kwa mswaki, nikaulaumu umeme. Jioni ya siku ya pili nimekaa juu ya ndoo nimechoka, nikanyanyua macho kulitazama tangi. Limekaa kwenye jukwaa la zege, na kutoka kitako chake mpaka kwenye mdomo wa mashine hapafiki hata mita 2.

Hesabu ni nyepesi. Maji yanayoshuka mita 10 yanakupa presha ya bar 1. Nyuma ya mashine au kwenye kitabu chake pameandikwa kiwango cha chini. Nyingi zinataka megapaskali 0.05, yaani bar 0.5, yaani mita 5 za kushuka. Mimi nilikuwa nazo chini ya 2. Mashine zilikuwa nzima kabisa.

Kwa hivyo chukua futi kamba, pima kimo kutoka kwenye kitako cha tangi. Usipime kutoka juu ya maji, maana tangi halijai kila siku. Ukipata mita 5 kamili usishangilie bado: paipu ya nusu inchi yenye elbo nyingi inakula presha njiani, na jirani akifungua mfereji inashuka tena. Ndiyo maana nataka upime mara ya pili kwa ndoo ya lita 20, karibu na magharibi, jengo zima likitia udhu. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika 4 kujaa, mimi siungi mashine hapo. Kupima saa nne asubuhi watu wako kazini ni kujidanganya.

Ukikuta presha ndogo una njia tatu. Ya kwanza, hamishia chumba chini. Ghorofa 4 zinakupa mita 12 hivi bila gharama ya pampu, ila nguo mbichi zitapandishwa ngazi, na kina mama watakwambia wanavyoona. Ya pili, pampu ndogo inayojiwasha mfereji ukifunguliwa. Watu huiogopa kwa sababu ya umeme kukatika, lakini umeme ukikatika mashine nayo si imezimika? Pampu hiyo ivute maji ya tangi, isiungwe kwenye paipu ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar. Ya tatu, mashine ya mapipa mawili inayojazwa kwa ndoo. Kwa nyumba moja sina neno nayo. Kwa familia 12 ni ugomvi, maana lazima mtu asimame nayo mwanzo mpaka mwisho.

Pale Mombasa walichagua pampu.

Hatua ya 3: Chagua aina

Mlango wa mbele. Unatumia lita 50 au 60 kwa mzunguko, wa juu unapita 100 bila wasiwasi, na maji yetu ni ya zamu. Bibi mwenye magoti mabovu hatapenda kuinama, basi jengeni kijukwaa cha zege cha sentimita 30. Chukueni ya kitufe cha kuzungusha. Vioo vya kugusa na hewa yetu ya chumvi havikai pamoja, na kitufe kila mtu anakijua.

Hatua ya 4: Umeme

Ikichemsha maji mashine inakula kama wati 2,000, kwa hivyo kila moja iwe na waya na breka yake. Fungeni mita ndogo humo chumbani. Uniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, zikiisha usiku wa Alhamisi, hakuna atakayekiri kuwa yeye ndiye aliyefua mashuka kwa nyuzi 60.

Hatua ya 5: Kuwasha

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono inatoa povu jingi, mashine ya mlango wa mbele inasakamwa nalo. Wekeni ya mashine, na kijiko cha kupimia kifungwe kwa kamba ukutani. Na kabla ya yote fungueni zile bolti za nyuma zinazoshikilia pipa safarini, la sivyo mashine itacheza ngoma mpaka mlangoni. Zitieni kwenye mfuko, mzitundike nyuma yake. Siku ya kuihamisha zitatakiwa.