Ruta yako ya zamani bado inafaa: kuweka OpenWrt hatua kwa hatua

Ruta nyingi zinazolala kabatini hazijafa. Chipu inafanya kazi, redio inarusha, adapta inatoa volti zake 12 kama siku ya kwanza. Kilichokufa ni huduma ya kiwanda: masasisho yamekoma, matundu ya usalama yanabaki wazi, na mwenye ruta hana la kufanya kwa sababu programu ya ndani, yaani fimwea, imefungwa. Fimwea ikiwa huria, kazi ya kuitunza inaweza kuendelezwa na yeyote mwenye ujuzi, hata kiwanda kikiwa kimesahau kwamba kiliwahi kuuza kifaa hicho.

OpenWrt, fimwea huria ya ruta iliyojengwa juu ya Linux, ilizaliwa kwa njia hiyo. Kampuni ya Linksys ilipoitoa ruta ya WRT54G mwishoni mwa 2002, wadadisi waligundua kwamba ndani yake inaendeshwa na Linux. Leseni ya Linux, iitwayo GPL, inamtaka anayesambaza programu hiyo atoe na msimbo wake, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msingi huo. Leo unahudumia vifaa vya mamia ya modeli, vingi vikiwa vya viwanda ambavyo havikuwahi kuusaidia.

Hapa tunatumia TP-Link Archer C7 toleo la 5 kama mfano, kwa kuwa inapatikana sana mtumba na mambo yake yanajulikana. Ukiwa na ruta nyingine, mpangilio ni ule ule. Kinachobadilika ni jina la faili na njia ya kuiokoa.

Kabla ya kununua au kuanza

Geuza ruta usome kibandiko cha chini. Jina la modeli pekee halitoshi, tafuta neno "Ver". Archer C7 v2 na Archer C7 v5 zinafanana jina, lakini chipu zake si zile zile, na faili ya moja haiendi kwa nyingine. Hapa ndipo wengi wanapoharibu ruta: wanasoma jina, hawasomi toleo.

Kisha nenda openwrt.org, sehemu ya orodha ya vifaa, uangalie namba mbili: hifadhi na RAM. Chini ya MB 8 za hifadhi na MB 64 za RAM, achana nayo. TL-WR841N, ambayo imejaa mitaani kwa sababu ni rahisi, matoleo yake mengi yana MB 4 na MB 32 tu. Fimwea za sasa hazitoshei humo. Hata hizo 8 na 64 ni kujibana. Lenga MB 16 na MB 128 kwenda juu. Archer C7 v5 ina kiasi hicho hasa, pamoja na matundu matano ya gigabiti na tundu moja la USB 2.0.

Angalia pia chipu ya Wi-Fi. Qualcomm Atheros na MediaTek kwa kawaida zinakubali. Broadcom epuka: madereva yake ya Wi-Fi yamefungwa, kwa hiyo unaweza kuwasha OpenWrt vizuri kabisa kisha ukabaki na ruta isiyo na Wi-Fi ya maana.

Muuzaji akikwambia "hii inafunguka", mwombe uone kibandiko kwanza.

Kupakua na kukagua faili

Utahitaji kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao (au adapta ya USB ya kuunganishia waya huo), waya mmoja, na kipini cha kubonyezea kitufe cha riseti. Fungua firmware-selector.openwrt.org, andika jina la ruta pamoja na toleo, uchague fimwea ya kudumu, si ile ya "snapshot", yaani ya majaribio. Utaona faili mbili. Yenye neno *factory* ni ya kuingilia kutoka fimwea ya kiwanda. Yenye neno *sysupgrade* ni ya kusasisha ruta ambayo tayari ina OpenWrt. Pakua zote mbili, na pakua pia fimwea asili ya kiwanda uiweke pembeni. Ruta ikizima utakuwa huna intaneti ya kuitafutia.

Kagua faili kabla ya kuitumia. Kwenye Linux:

`sha256sum openwrt-*-factory.bin`

Kwenye Windows:

`certutil -hashfile faili.bin SHA256`

Linganisha herufi unazopata na zile zilizo kwenye ukurasa ulikopakulia. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Bando likikatika katikati, faili huweza kushuka nusu bila kukwambia. Baada ya hapo ipe faili jina fupi, mfano `c7.bin`, maana baadhi ya kurasa za kiwanda hukataa jina refu na kukupa kosa lisiloeleweka.

Kuflashi

Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta. Unganisha kompyuta na tundu la LAN kwa waya. Usithubutu kuflashi, yaani kuandika fimwea mpya, kwa Wi-Fi. Ingia kwenye ukurasa wa kiwanda, tafuta sehemu ya kusasisha fimwea, chagua `c7.bin`, thibitisha.

Kuanzia hapo usiguse kitu kwa dakika tano. Umeme ukikatika wakati hifadhi inaandikwa, fimwea inabaki vipande. Kama mtaani kwenu umeme unacheza, lisha ruta kwa betri ya volti 12 kwa muda huo, lakini kupitia kidhibiti volti: betri ya sola ikiwa inachajiwa hufika volti 14 na zaidi, na si kila ruta inayozivumilia.

Taa zikitulia, fungua 192.168.1.1. Mtumiaji ni `root`, nenosiri hakuna. Weka nenosiri mara moja. Usishtuke kuona Wi-Fi haipo: OpenWrt huiacha imezimwa makusudi hadi uiwashe mwenyewe, ili ruta isirushe mtandao usio na ulinzi.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo

Umechomeka waya kutoka kwenye kifaa cha faiba, na intaneti haiji, au ukurasa wa ruta unapotea kabisa. Mara nyingi chanzo ni kwamba kifaa cha mtoa huduma nacho kinatumia 192.168.1.1. Anwani mbili zinagongana, ruta haijui ielekee wapi. Badilisha upande wako:

`uci set network.lan.ipaddr='192.168.10.1'`
`uci commit network`
`/etc/init.d/network restart`

Amri hizi, na zote zinazofuata, unaziandika ndani ya ruta, baada ya kuingia kutoka dirisha la amri la kompyuta kwa `ssh root@192.168.1.1`. Kompyuta itapoteza muunganisho. Chomoa waya uurudishe, kisha ufungue 192.168.10.1.

Ukiwasha Wi-Fi, jaza nchi: TZ, KE, UG, ulipo. Hiyo ndiyo inayoamua chaneli na nguvu ya redio inayoruhusiwa. Suala la redio ndilo hoja kubwa ya viwanda katika kufunga fimwea, na si hoja ya bure, kwa sababu redio iliyoongezwa nguvu ovyo huweza kuingilia rada za hali ya hewa kwenye gigahezi 5. Lakini kufunga kifaa kizima ili kulinda redio ni kuchoma nyumba kwa ajili ya panya. Agosti 2016 TP-Link ilikubaliana na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kulipa dola 200,000 kwa sababu ya ruta zilizoweza kuvuka viwango vya nguvu, na katika makubaliano hayo hayo ikaahidi kushughulikia namna ya kuruhusu fimwea za watu wengine. Kumbe vyote viwili vinawezekana.

Faida utakayoiona siku hiyo hiyo

Mtu mmoja nyumbani akipakia video, simu za WhatsApp za wengine zinakwama. Kasi ipo, tatizo ni foleni ndefu ya data ndani ya vifaa. Fimwea nyingi za kiwanda hazina dawa ya maana. OpenWrt inayo, inaitwa SQM:

`opkg update`
`opkg install luci-app-sqm`

(`opkg`, kisakinishi cha vifurushi, ni ya matoleo hadi 24.10, yanayofuata yamehamia `apk`, kwa hiyo andika `apk update` na `apk add`.)

Pima kasi yako mara tatu, jioni, wakati mtandao una watu. Chukua namba ndogo kuliko zote, kisha weka asilimia 90 yake kwenye mipangilio ya SQM. Ukipata Mbps 20 za kushusha na 10 za kupandisha, andika 18000 na 9000, maana kipimo ni kilobiti. Kiolesura kwenye Archer C7 v5 ni `eth0.2`, kama mtoa huduma anatumia PPPoE (muunganisho unaodai jina na nenosiri), chagua `pppoe-wan`. Chagua `cake` na `piece_of_cake.qos`. Ukiandika namba kubwa kuliko kasi halisi, SQM haifanyi chochote, kwa kuwa foleni inajipanga kwa mtoa huduma ambako huna mkono. Ndiyo sababu unajinyima hiyo asilimia 10. Ujue pia kwamba kazi hii inakula nguvu za chipu. Kwa ruta ya umri huu, kifurushi cha mamia ya Mbps kitaminywa.

Faiba ikikatika, laini ya simu ishike

Chomeka simu ya Android kwenye tundu la USB, washa kushiriki intaneti kwa USB. Sakinisha `kmod-usb-net-rndis`, itatokea `usb0`. Kwa modemu za aina ya Huawei HiLink tumia `kmod-usb-net-cdc-ether` na `usb-modeswitch`. Tengeneza kiolesura kipya kiitwe `wanb`, itifaki ya DHCP (anwani hutolewa yenyewe), ukiweke kwenye kundi la ukuta-moto la `wan`. Ukisahau kundi hilo, ruta itapata intaneti lakini vifaa vya nyumbani havitapata.

Sasa sakinisha `luci-app-mwan3`. Wengine huona kutoa namba za kipaumbele, yaani metriki, kunatosha: `wan` 10, `wanb` 20. Metriki hizo zinahitajika, ila peke yake hazifai, kwa sababu faiba ikikatwa barabarani, waya kati ya ruta na kifaa cha faiba unabaki na taa zake. Ruta inaona waya mzima, haigeuki. Mwan3 hupiga ping hadi nje, mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8, na isipojibiwa inahamia laini ya pili. Weka anwani mbili au zaidi za kupimia. Moja ikizimwa, usije ukachoma bando la simu wakati faiba iko salama.

Ikikataa kuwaka

Kama uliharibu mipangilio tu, hujaharibu ruta. Fimwea imehifadhiwa kwenye sehemu inayosomwa pekee, na mabadiliko yako yanaandikwa juu yake kama karatasi ya plastiki juu ya ramani. Washa ruta, taa ikianza kupepesa bonyeza kitufe kimojawapo. Utaingia hali ya dharura. Jipe anwani 192.168.1.2, ingia kwa ssh kwenye 192.168.1.1, andika `firstboot -y && reboot`. Karatasi inavuliwa, ramani inabaki.

Kama fimwea yenyewe imevunjika, Archer C7 v5 ina mlango wa nyuma. Ipe kompyuta anwani 192.168.0.66, washa seva ya TFTP (programu ndogo ya kutoa faili kwa mtandao), weka ndani faili ya *factory* ukiipa jina `ArcherC7v5_tp_recovery.bin`. Shikilia riseti, washa ruta, achia taa ya WPS ikiwaka. Isipovuta faili, sababu huwa mbili. Ya kwanza ni ukuta-moto wa Windows. Uzime kwa muda. Ya pili inawachanganya hata mafundi: kadi ya mtandao ya kompyuta inachukua sekunde kadhaa kuamka kila ruta inapowashwa, na ombi la ruta linapita kabla haijaamka. Weka swichi ndogo kati yao, kadi itabaki macho.

Njia ya mwisho ni waya wa seriali: adapta ya USB ya volti 3.3, kasi 115200, nyaya tatu tu, GND kwa GND, TX kwa RX, RX kwa TX. Ule wa VCC usiunganishe. Adapta ya volti 5 inaweza kuua chipu.

Uwazi unaishia wapi

Archer C7 si huria yote. Redio ya gigahezi 2.4 inaendeshwa na dereva `ath9k`, wazi mwanzo hadi mwisho. Ile ya gigahezi 5 inatumia `ath10k`, na ndani ya chipu yake kuna fimwea ndogo iliyofungwa. Simu zikidondoka kwenye gigahezi 5 huwezi kurekebisha mzizi, unaweza kubadilisha toleo tu: ondoa `kmod-ath10k-ct` na `ath10k-firmware-qca988x-ct`, weka `kmod-ath10k` na `ath10k-firmware-qca988x`, washa upya. Fanya hivyo ukiwa kwa waya, si kwa Wi-Fi unayoing'oa.

Anayenunua mpya na ana uwezo aitazame OpenWrt One, iliyotoka 2024: RAM ya GB 1, michoro ya saketi imechapishwa, na swichi ya kuwashia kutoka hifadhi ya pili ya MB 16 ambayo imetengwa kwa uokoaji. Ukiharibu, unasogeza swichi, unaanza upya.

Kusasisha baadaye tumia faili ya *sysupgrade* na usiondoe alama ya kuhifadhi mipangilio. Vifurushi ulivyoongeza vitapotea, SQM na mwan3 vikiwemo, kwa hiyo andika orodha yake. Usiendeshe `opkg upgrade` kwa kila kifurushi kwa mkupuo: vipya vinaandikwa juu huku vya zamani vikibaki chini, na MB 16 zinajaa kabla hujamaliza.